Pesa ya Msafiri Imebadili Stesheni

(Maneno aliyosema mwanachama mmoja, mfanyakazi wa njia ya reli, katika mkutano wa wanachama uliofanyika Kibwezi.)



 Mimi si mtu wa elimu kubwa. Nilisoma shule ya misheni mpaka darasa la nane, kisha nikashika nyundo na spana. Kwa hiyo nitasema niliyoyaona kwa macho yangu, pamoja na mambo machache yanayojulikana na watu wote.

Katibu aliponiambia nizungumze juu ya wageni na matumizi ya pesa zao, wenzangu wawili walicheka. Walisema, "Sisi ni watu wa reli. Habari za watalii ni za wenye mahoteli." Basi nawauliza: ni nani kati yetu ambaye kwao hakuna mtu anayemwuzia msafiri kitu? Mmoja wetu mkewe ana kibanda cha chai Mtito Andei. Mwingine dada yake anasuka vyondo Mutomo. Mwingine ndugu zake wanachonga vinyago. Nyumba zetu zina nguzo mbili: moja ni mshahara, ya pili ni kibanda. Nguzo ya pili ikianguka, paa lote linalalia mshahara. Ndipo tunakuja hapa kulia kwamba mshahara hautoshi. Kwa hiyo jambo hili ni la chama.

Kwanza tukumbuke tulikotoka. Reli ilianza kujengwa Mombasa mwaka 1896, ikafika Nairobi mwaka 1899. Gari la moshi lilitaka maji na kuni, kwa hiyo lilisimama. Liliposimama, watu walishuka, na waliposhuka walitaka chakula. Hivyo Makindu, Kibwezi na Mtito Andei zikakua. Barabara kuu ya Mombasa nayo ikafanya vivyo hivyo kwa mabasi na malori. Miji yetu ilikua kwa sababu chombo kilihitaji kusimama. Mlishike neno hilo, maana nitalirudia.

Mama yangu alinisomesha kwa maembe na machungwa. Gari la abiria lilitoka Nairobi jioni na kupita kwetu usiku. Mama alikwenda stesheni na karai kichwani na taa mkononi. Gari likichelewa, naye alingoja. Liliposimama, madirisha yalifunguliwa na mikono ikatoka. Mtu alikuwa hakupanga kununua embe, lakini aliliona, akalinusa, akatoa sarafu. Pesa za namna hiyo ndizo zilizonunua madaftari yangu.

Mwaka 2017 gari lile la zamani liliacha kubeba abiria kati ya Nairobi na Mombasa. Tarehe 31 Mei mwaka huohuo reli mpya ya SGR ilifunguliwa. Safari iliyokuwa ya usiku kucha sasa ni ya saa tano au sita. Gari la haraka halishushi wala kupakia abiria kwetu. Gari la kila stesheni husimama Emali, Kibwezi na Mtito Andei, lakini kwa dakika chache, na madirisha ya behewa hayafunguki. Chakula kinauzwa ndani. Abiria anauona mwembe wa mama yangu kwa kioo, naye yuko mbali ameshapita.

Ndugu zangu, sisemi reli ni adui. Reli ile ndiyo inayonilisha. Mimi ni mmoja wa wanaoitunza njia ile, na nikiiona imenyooka nafurahi. Lakini ni lazima niseme kweli: kazi inayonipa mkate ndiyo iliyomwondolea mama yangu wateja. Mambo hayo mawili yote ni kweli, nami siku zote nayabeba pamoja.

Jambo la pili ni barabara. Mizigo ilianza kupita katika reli mpya mwaka 2018. Mwezi wa Agosti 2019 ikatoka amri kwamba makontena ya kwenda bara yasafirishwe kwa reli. Watu wa Mombasa walilalamika sana, nanyi mliyasikia hayo. Lakini hapa kwetu pia mama wa chakula, mwenye chumba cha kulala na fundi wa magurudumu walikosa wateja, maana dereva wa lori na utingo wake ni wageni kama wageni wengine. Wanakula, wanaoga, wanalala. Amri ile ilipingwa mahakamani, na mwezi wa Septemba 2022 serikali mpya ikatangaza kwamba kazi ya kutoa mizigo irudishwe Mombasa. Hapo tujifunze jambo moja: mji unaotegemea mteja mmoja unaweza kulala njaa kwa karatasi moja.

Jambo la tatu ni namna ya kulipa. Zamani mtalii alibeba pesa mfukoni na kuzitoa kidogo kidogo njiani. Siku hizi wengi hulipa kabla ya kutoka kwao: ndege, gari, kitanda na chakula, vyote pamoja. Hata kiingilio cha mbuga ya Tsavo hulipwa kwa simu au kompyuta kabla gari halijafika kwenye geti la Mtito Andei. Mgeni wa namna hii akifika kwetu, pesa yake imekwisha kushuka mahali pengine. Tunamwona amevaa vizuri, tunadhani ni mchoyo. Si mchoyo. Amekwisha kulipa.

Na Wakenya wenzetu pia wamebadilika. Tangu M-Pesa ilipoanza mwaka 2007, mtu husafiri bila noti. Kama kibanda hakina namba ya kulipia, anapita. Tena mtu anayelipa kwa simu anaona hesabu yake pale pale, naye hununua alichokusudia, basi. Ile sarafu iliyobaki mfukoni, iliyokuwa ikinunua njugu za mtoto, haipo.

Jambo la nne ni vitu vyenyewe. Sisi Wakamba tunajulikana kwa kuchonga. Husimuliwa kwamba Mutisya Munge wa Wamunyu, katika njia ya Machakos kwenda Kitui, alijifunza kazi hiyo Tanganyika wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, akaileta nyumbani. Watu wengi wamelishwa na kazi hiyo. Lakini kinyago kikubwa ni kizito, na msafiri wa ndege ana mzigo wa kupimwa kwa kilo. Vilevile mpingo umekuwa adimu, na wageni wengine huuliza mti umetoka wapi. Wachongaji waliotambua hayo wamegeukia mwarobaini, mwembe na jakaranda, na wanachonga vitu vidogo kama vijiko na bakuli. Wasioyatambua bado wana twiga wa urefu wa mtu, wamejaa vumbi mlangoni.

Halafu mwaka 2020 ulikuja ugonjwa wa korona. Magari ya abiria ya reli yalisimama mwezi wa Aprili mpaka Julai, na watalii kutoka nje karibu wakatoweka. Waliokuja kwanza baadaye walikuwa Wakenya wenyewe. Tangu hapo wageni wa nje wamerudi. Mwaka 2024 nchi yetu ilipokea karibu milioni 2.4. Kwa hiyo mtu asiseme wageni wamekwisha. Wageni wapo, na pesa ipo. Pesa ya msafiri haikufa, ila imebadili stesheni ya kushukia.

Sasa nalirudia lile neno. Miji yetu ilikua kwa sababu chombo kilihitaji kusimama. Leo chombo hakihitaji. Basi yatupasa tumpe msafiri sababu ya kusimama, au tuipeleke bidhaa yetu kule pesa inakoshukia. Njia ya tatu siioni.

Angalieni Makindu. Reli mpya haikuweka stesheni ya abiria pale. Lakini magari ya watu binafsi husimama kwa hiari yao. Kwa nini? Kwa sababu ya hekalu la Masingasinga, lililojengwa mwaka 1926 na ambalo wafanyakazi wa reli, wenzetu wa zamani, walikuwa na mkono ndani yake. Msafiri wa dini yoyote hupewa chakula bure na mahali pa kulala. Sisemi tugawe chakula bure. Mama yangu hawezi. Nasema mtu husimama mahali anapojua kuna usafi, kuna choo kizuri, na hatadanganywa. Sifa hiyo imedumu karibu miaka 100, nayo haikununuliwa kwa tangazo.

Ndugu Mwenyekiti, nina mambo matatu ya kuomba.

La kwanza: chama kiwaandikie wakubwa wa reli kuomba mahali pa kuuzia katika stesheni za Emali, Kibwezi na Mtito Andei. Isiwe watu kukimbia na makarai. Iwe meza safi, ya kikundi kilichoandikishwa, bei zimebandikwa, namba ya kulipia iko mbele. Abiria wa gari la kila stesheni akijua atapata embe safi lililokwisha kuoshwa, dakika chache zinatosha.

La pili: tuuze kwa yule anayemlisha mgeni. Kama pesa inashuka kwenye jiko la gari na majiko ya mahoteli ya Tsavo, basi maembe, machungwa, asali na ndengu zetu ziende huko. Lakini jiko kubwa halinunui karai moja. Linataka kilo zilezile, ubora uleule, kila wiki, na risiti. Mama mmoja hawezi. Ushirika unaweza. Tumeona Makueni kiwanda cha maembe kikisimama Kalamba. Kumbe matunda yetu yanaweza kupimwa na kuuzwa kwa utaratibu. Na barabara ya lami kutoka Kibwezi kupitia Mutomo mpaka Kitui imewaunganisha wakulima wa pande mbili. Kidole kimoja hakivunji chawa.

Hapo pia pana nafasi ya vyondo. Mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku tarehe 28 Agosti 2017, na tangu tarehe 5 Juni 2020 plastiki za kutumia mara moja haziruhusiwi ndani ya mbuga za taifa. Mgeni lazima abebe vitu vyake kwa kitu. Kiondo kidogo kinachokunjika hakina uzito. Kitiwe jina la kijiji kilikosukwa, Kitui au Makueni, ili mgeni ajue amenunua kwa nani.

La tatu linatuhusu sisi wenyewe, na hili ni gumu kwangu kulisema. Siku moja, katika stesheni moja, mama mmoja aliniomba nimpitishe uani ili auze. Haikuruhusiwa. Nilimpitisha, na alipotoka akanipa maembe mawili, nami nikapokea. Nilipofika nyumbani mama yangu akaniuliza yametoka wapi. Nikamweleza nikicheka. Yeye hakucheka. Alisema, "Hata zamani palikuwa na mtu wa kupokea maembe mawili kwangu kila gari lilipokuja. Nilimhesabu pamoja na hasara." Ndugu zangu, sikuyala maembe yale.

Kwa hiyo naomba tupitishe neno hapa, kwamba mwanachama yeyote asipokee kitu kutoka kwa mwuzaji, awe wa stesheni au wa barabara. Hatuwezi kuandika barua ya kuwatetea akina mama huku mkono wetu uko ndani ya karai.

Najua mmoja atasema, "Chama ni cha mishahara, si cha maembe." Namjibu hivi: mshahara tutaudai, wala sitarudi nyuma. Lakini nauli ya daraja la chini Nairobi hadi Mombasa ilikuwa shilingi 1,000, na mwanzo wa mwaka 2024 ikawa 1,500. Msafiri anayelipa zaidi kwa tiketi ana kidogo zaidi cha kununulia njiani. Kwa hiyo hesabu ya reli na hesabu ya kibanda zimo katika daftari moja. Anayeshika ukurasa mmoja tu hajui kama nyumba yake ina faida au hasara.

Mkutano ujao kila mmoja alete jina la mtu wa nyumbani kwake anayeuza kwa wasafiri, na kitu anachouza. Tukipata majina hayo, Katibu atakuwa na kitu cha kuandika, nasi tutajua kama tuna ushirika au tuna maneno tu. Jina la kwanza natoa mimi: ni la mama yangu, mwuza maembe, Kibwezi. Bado ana karai lake.

Wazee wetu walisema, mgeni njoo, mwenyeji apone. Mgeni amekuja. Kupona ni kazi yetu.