Mchikichi Hauzai kwa Mvua ya Jana



Mwembe uliozaa sana mwaka huu, mwakani huenda ukapumzika. Mchikichi nao una hesabu yake. Ua kuwa la kiume au la kike huamuliwa mapema, yapata miaka miwili kabla ya mkungu kukatwa. Ukame ukizidi, maua ya kiume huongezeka, na mawese huadimika baadaye, pengine mvua zikiwa zimesharudi. Anayetazama msimu mmoja hulaumu mbegu. Mwenye kumbukumbu za miaka hukikumbuka kiangazi kile.

Ndiyo maana hata watafiti wa sokwe hurudia miti ileile mwaka hadi mwaka. Gombe, kando ya Ziwa Tanganyika, ambako utafiti wa sokwe ulianza 1960, sokwe hula chikichi. Mahale, ulikoanza 1965, hupenda mabungo. Bila kujua matunda yanapopatikana, mienendo yao haieleweki.

Nawe mkulima waweza kufanya hivyo. Chagua michikichi kumi bila kupendelea iliyonawiri, uipe namba. Kila mwezi, tarehe ileile, andika maua ya kiume, maua ya kike, mikungu mibichi na iliyoiva. Andika pia siku za mvua. Mti usiozaa uandikie sifuri, usiuruke, maana sifuri nayo ni taarifa.

Ukienda kuomba ushauri kwa bwana shamba au kituo cha utafiti cha TARI Kihinga, nenda na daftari hilo.