Kitanda Hiki si Kile: Uuguzi, Utafiti na Wagonjwa Wasiofanana

Mtoto anafikishwa wodini akiwa mgongoni kwa mama yake. Homa imepanda, anahema harakaharaka, viganja vimekuwa vya baridi. Kabla daktari hajaitwa, muuguzi anambonyeza ncha ya kidole mpaka ngozi ipauke, anaachia, kisha anahesabu moyoni: moja, mbili, tatu. Damu ikichelewa kurudi, mzunguko wake umelegea. Kwa miaka mingi vitabu vya tiba vilikuwa na jibu moja kwa hali hiyo: fungua dripu, maji mengi yaingie kwa kasi.

Mwaka 2009 watafiti wakiongozwa na Kathryn Maitland, daktari wa watoto anayefanya kazi Kilifi, walianza kulipima jibu hilo katika hospitali sita za Kenya, Tanzania na Uganda, zikiwamo za Kilifi, Muheza, Mbale na Soroti. Utafiti huo uliitwa FEAST. Watoto 3,141 waligawanywa kwa bahati nasibu katika makundi matatu: wa kwanza walimiminiwa maji ya chumvi, wa pili maji yenye albumini, na wa tatu wakabaki na dripu ya taratibu tu. Mwanzoni mwa 2011 kazi ilisimamishwa kabla ya muda wake. Katika makundi mawili ya waliomiminiwa, watoto kati ya 10 na 11 kwa kila 100 walifariki ndani ya saa 48. Katika kundi la tatu, walifariki 7.3 kwa kila 100.

Tiba iliyotarajiwa kuokoa ndiyo iliyokuwa ikiongeza vifo. Wala haikuwa tiba ya kubahatisha. Ilitoka katika nchi ambako mtoto akilemewa huwekwa kwenye mashine ya kupumulia ndani ya dakika chache, na chumba cha uangalizi mahututi kiko mlango wa pili. Tena FEAST yenyewe iliweka mipaka yake: watoto wenye kuharisha na wale wenye utapiamlo mkali hawakuingizwa, kwa sababu hesabu ya maji mwilini mwao ni nyingine kabisa.

Mhadhara huu unasimama juu ya hoja iliyozaliwa na mkasa huo. Huduma inapohama kutoka wodi moja kwenda nyingine, ushahidi wake haufuati nyuma kama mzigo kwenye toroli. Sharti upimwe upya kwa wagonjwa wa hapo, kwa vifaa vya hapo na kwa idadi ya mikono iliyopo hapo. Na mtu wa kwanza kuona kwamba jambo haliendi sawa ni yule anayekaa na mgonjwa zamu nzima, si yule anayepita asubuhi kwa dakika tano.

Leba, usiku

Kwa mazoea, mkunga hukadiria damu kwa macho. Anatazama shuka, pamba, kanga iliyolowa na kilichomwagika sakafuni, halafu anaandika mililita kadhaa kwenye rejista. Jicho hudanganya, hasa saa nane za usiku, hasa pale mkunga mmoja anapohudumia wazazi watatu kwa wakati mmoja. Mama anayetoka damu kidogo kidogo bila kukoma anaweza kuonekana mzima mpaka anapozimia.

Utafiti wa E-MOTIVE, uliochapishwa mwaka 2023, ulihusu wanawake zaidi ya 210,000 waliojifungua katika hospitali za Kenya, Tanzania, Nigeria na Afrika Kusini. Kifaa chake kikuu kilikuwa mfuko wa plastiki angavu wenye mistari ya vipimo, unaotandikwa chini ya makalio ya mama mara tu mtoto anapotoka. Damu ikigusa mstari wa mililita 500, au ikifika 300 huku mapigo ya moyo au shinikizo la damu si la kawaida, mkunga hasubiri kuona kama dawa ya kwanza itafanya kazi. Anasugua mji wa mimba, anatoa dawa ya kuukaza na ya kugandisha damu, anaweka dripu, anakagua inakotoka damu, anaita msaada. Yote kwa mkupuo mmoja.

Katika hospitali zilizofuata utaratibu huo, akina mama 93 kati ya kila 100 waliovuja damu kupita kiasi waligunduliwa. Kwingine waligunduliwa 51. Waliovuja lita moja au zaidi, waliofanyiwa upasuaji au waliofariki kwa sababu ya damu walikuwa asilimia 1.6, dhidi ya asilimia 4.3 kwenye huduma ya kawaida.

Hapakuwa na dawa mpya hata moja. Kilichobadilika ni namna ya kupima na mpangilio wa kazi ya mikono, yaani uuguzi wenyewe. Na dripu iliyowadhuru watoto wa FEAST hapa imo miongoni mwa vinavyomwokoa mama. Sindano ni ileile, chupa ileile, mgonjwa siye.

Kifuani mwa mama

Safari nyingine ilianzia Bogotá, nchini Kolombia, mwaka 1978. Wodi ya watoto njiti ilikuwa imefurika, na mashine za kuwatia joto hazikutosha. Daktari Edgar Rey Sanabria akaanza kuwaweka watoto kifuani mwa mama zao, ngozi kwa ngozi. Njia hiyo ilisambaa duniani ikapata jina la kangaruu, lakini ikabaki na sharti moja: mtoto aanze kubebwa baada ya hali yake kutulia. Tatizo ni kwamba njiti wengi wanaokufa hufa kabla ya kutulia.

Shirika la Afya Duniani liliratibu utafiti wa kuliondoa sharti hilo, katika hospitali tano za Ghana, India, Malawi, Nigeria na Tanzania. Watoto walikuwa 3,211, wenye uzito wa kuanzia kilo 1 mpaka pungufu kidogo ya kilo 1.8. Matokeo yakatoka mwaka 2021: walioanza kubebwa mara tu baada ya kuzaliwa walifariki asilimia 12 katika siku 28 za kwanza, na waliosubiri walifariki asilimia 15.7. Utafiti huu nao ulikatishwa, safari hii kwa sababu njema. Kuendelea kuwanyima watoto wengine kifua cha mama kungekuwa dhuluma.

Maneno “kumbeba mtoto” ni mepesi kuandika kwenye mwongozo. Wodini maana yake ni kazi kubwa. Watoto wa kundi la kubebwa mapema walikaa kifuani karibu saa 17 kwa siku. Kwa hiyo mama aliyetoka kwenye upasuaji jana hawezi kulazwa jengo jingine na mwanawe jengo jingine. Kitanda chake lazima kiingizwe katika chumba cha watoto mahututi. Muuguzi wa watoto inabidi ajue kukagua mshono na kutazama damu ya uzazi. Mama akienda kuoga, bibi au shangazi avae kanga, afungiwe mtoto kifuani. Hospitali iliyozoea kuwaona ndugu kama wageni wa saa ya kutazama wagonjwa inalazimika kuwaona kama sehemu ya tiba.

Maumivu yanavyosemwa

Si kila kitanda kiko hospitali. Nchini Uganda, daktari Anne Merriman alianzisha Hospice Africa Uganda mwaka 1993, na wagonjwa wengi wa saratani na UKIMWI wakawa wanahudumiwa majumbani. Dawa yao ilikuwa mofini ya maji, inayonywewa kwa kipimo kutoka kwenye chupa. Kijijini hakuna daktari wa kuiandika, basi mwaka 2004 Uganda ikawaruhusu wauguzi na matabibu waliosomea tiba shufaa kuiandika wenyewe.

Lakini kipimo cha dawa hufuata kipimo cha maumivu, na maumivu hayana mistari kama ule mfuko wa plastiki. Chama cha Tiba Shufaa cha Afrika kilitengeneza dodoso fupi la maswali kumi, saba ya mgonjwa na matatu ya anayemuuguza. Asiyezoea namba huonyesha kwa vidole vya mkono: ngumi ni hakuna maumivu, vidole vitano ni maumivu yasiyovumilika. Limo pia swali la kama mgonjwa ana amani moyoni, jambo ambalo chati ya kawaida ya wodini haiulizi.

Kwa Kiswahili kazi hiyo ina utamu na mitego yake. Mgonjwa hasemi tu kwamba anaumwa. Kichwa kinagonga, tumbo linasokota, jino linavuta, kidonda kinachoma, mguu umekufa ganzi. Kila kitenzi kinamwelekeza muuguzi msikivu kwenye chanzo tofauti, na dodoso lililotafsiriwa ofisini huvikusanya vyote katika neno moja.

Mtego mkubwa zaidi ulionekana Bagamoyo, katika utafiti uliochapishwa mwaka 1996. Mtoto mwenye homa na mtukutiko wazazi walimtambua vizuri kabisa: ana degedege. Hospitali iliita hali hiyo malaria kali. Kwa wazazi yalikuwa magonjwa mawili, moja la mbu na jingine la pepo, na la pepo lilianzia kwa mganga. Muuguzi aliyeuliza, “Mama, mtoto amepata malaria?” angeweza kujibiwa hapana na mtu mkweli.

Mikono mingapi

Barani Ulaya, Linda Aiken na wenzake walichambua taarifa za wagonjwa 422,730 wa upasuaji katika nchi tisa. Ripoti yao ya mwaka 2014 ilionyesha kwamba kila mgonjwa mmoja anayeongezwa kwenye mzigo wa muuguzi huenda pamoja na ongezeko la asilimia 7 la uwezekano wa kufa ndani ya siku 30. Takwimu hiyo hutajwa kila panapodaiwa ajira za wauguzi, na ina uzito wake.

Hata hivyo nayo ina kitanda chake. Katika wodi nyingi za Afrika Mashariki, ndugu wa mgonjwa ndiye anayemwogesha, anayemlisha uji, anayemgeuza na anayekimbia kununua dawa. Muuguzi wa wagonjwa 30 hafanyi mara tatu ya kazi ya muuguzi wa wagonjwa 10. Kazi nyingine huzichukua ndugu, nyingine hazifanyiki. Asilimia ya Ulaya haiwezi kueleza zipi ni zipi. Mtu inabidi akae wodini na kalamu, ahesabu nani amepimwa joto na nani amerukwa.

Ushahidi mpya kutoka Tanzania unarudisha swali palepale. Mpango wa Safer Births, ambao matokeo yake yalichapishwa mwaka 2025, uliingia katika vituo 30 vya mikoa ya Geita, Manyara, Mwanza, Shinyanga na Tabora. Wakunga walifanya mazoezi mafupi ya mara kwa mara kazini kwao, wakimpulizia hewa mwanasesere, na walitumia kifaa cha kufuatilia mapigo ya mtoto tumboni kiitwacho Moyo. Vifo vya watoto wakati wa kuzaliwa na mara baada yake vilishuka kutoka 15.3 hadi 12.5 kwa kila vizazi 1,000.

Huo ni wastani. Mkoa kwa mkoa, matokeo hayakulingana, ingawa mafunzo yalikuwa yaleyale na wanasesere walewale. Sehemu ya jibu huenda iko katika karatasi mbili ambazo mara nyingi hazikutani: rejista ya leba, yenye saa ya kuzaliwa na hali ya mtoto, na ratiba ya zamu, iliyobandikwa ukutani katika ofisi ya muuguzi kiongozi. Mwanafunzi wa uzamili wa uuguzi anayetafuta mada ya tasnifu anaweza kuanzia hapo: aziombe zote mbili, azilaze mezani, kisha azisome usiku mmoja baada ya mwingine.