Kijana Amegonga, Mama Analipa

Wasikilizaji wa Likasi, habari ya ajali ya juma hili mmeisikia, na wengi wenu mlifika kwenye kilio. Hatutaisimulia tena. Tunamsemea mama wa dereva. Tangu siku ile anashinda kwenye benchi, hati ya parseli yake ya Kikula imefungwa kwenye ncha ya kitenge, anaambiwa atafute pesa au auze. Kijana wake ni mtu mzima, ana mke, anapanga nyumba kwake. Gari halikuwa na asiransi. Basi mama alipe.

Kwa sheria gani?

Sheria ya kiraia tunayoifuata, ile ya dekreti ya tarehe 30 Julai 1888, inasema katika kifungu cha 260 kwamba mzazi anajibu kwa ajili ya mtoto mdogo anayekaa naye. Mtoto mdogo! Katiba yetu imeweka mpaka kwenye miaka 18. Kifungu hichohicho kinamshika pia mwenye kulinda kitu: gari likiwa la mama, ataulizwa kama mwenye gari. Likiwa si lake, kwa nini auze parseli?

Hatusemi familia ya marehemu irudi mikono mitupu. Wamezika mtu wao, wana haki ya kulipwa. Ni kwa ajili yao sheria ya tarehe 5 Januari 1973 ililazimisha kila gari liwe na asiransi. SONAS, kampuni ya asiransi ya serikali, ilikaa peke yake kwenye kazi hiyo kwa miaka mingi. Sheria ya 2015 ikafungulia makampuni mengine mlango. Makampuni yamekuja. Asiransi kwenye vioo vya magari yetu iko wapi?

Hapo tunarudi kwa lile tunalolisema kila mara: rulaji, polisi wa barabarani. Gari lisilo na asiransi linasimamishwa, karatasi inaulizwa, makuta yanatolewa, gari linaachwa. Jioni linasimamishwa tena, makuta yanatolewa tena, linaachwa tena. Makuta yale hayamlipi yatima hata mmoja. Siku mtu anapokufa, aliyeliacha gari lipite haitwi popote. Anaitwa mama.

Anaitwa mama, kwa sababu mama ana parseli na mama ana aibu.

Rulaji, gari lisilo na asiransi lizuieni, lisiondoke! Wenye magari, msimpe kijana funguo kabla hamjalipia asiransi! Wazee wa kartie, mnaokaa katikati ya familia hizi mbili, mwiteni aliyegonga na mwenye gari, ndio wanaopaswa kujibu! Mtoto akitaka kusaidiwa na wazazi, wamsaidie kwa moyo wao, bila kutishwa na mtu. Na wewe mama, dai karatasi ya mahakama, tafuta mtu wa kukusomea, na usitie kidole kwenye maandishi ambayo hujasomewa mpaka mwisho.