Sakafu ya Mawe: Ndimu Kabla ya Fedha

Sisi wa kamati ya mikopo tumeombwa tuseme juu ya sakafu, maana wengi mnataka marumaru. Hapa mjini neno hilo limekuwa la kila kigae, hata cha udongo wa kuchomwa. Marumaru yenyewe ni jiwe la chokaa lililogeuzwa na joto na mgandamizo ardhini. Uluguru yetu inayo. Kule Matombo rubi hutoka ndani yake.

Sasa, chokaa na ndimu havipatani. Kabla ya kulipa tuombe kipande, tukidondoshee ndimu, tukiache usiku kucha. Asubuhi tukioshe. Kikifubaa pale, basi jikoni hapana, huko kuna ukwaju na siki kila siku! Kiende sebuleni. Jikoni granaiti inastahimili zaidi.

Na bafuni je? Jiwe linalong'aa likilowa linateleza vibaya. Bibi akivunjika nyonga, huo ni mkopo mwingine. Tuchukue lenye mkwaruzo, hata kama jirani hatalisifia.

Kwenye fomu tuandike yote: mawe, saruji, fundi, gari, na vipande vichache vya akiba, kwa kuwa mzigo wa mwakani rangi yake haitalingana.