Kiota Si cha Kuonyeshana



Siku hizi kila mwenye simu ni mpiga picha. Vijana wanateremka mabondeni kandokando ya Mto Ruvubu, hapa Burundi, wanarudi na picha za viboko, nyani na ndege. Sina ubaya na hilo. Hifadhi ya Taifa ya Ruvubu ipo tangu 1980, ina kilomita za mraba zaidi ya 500, na hata Warundi wengi hawajaitia machoni. Picha zikiitangaza, heri. Ninalotaka kusema leo linahusu viota.

Chukua umusambi, yule korongo mwenye taji la dhahabu. Kwa kawaida hatagi mtini. Hushuka kwenye kinamasi, akayakanyaga majani mpaka yakalala duara, na hapo ndipo anapotaga mayai mawili, matatu, pengine manne. Dume na jike hupokezana kuatamia kwa muda wa mwezi hivi. Majani marefu yanayowazunguka ndiyo ukuta wao.

Sasa anakuja bwana mwenye kamera. Majani yanamziba. Anavunja machache upande huu, analaza mengine upande ule, kiota kinaonekana vizuri. Anapiga picha, anaondoka ameridhika. Hakugusa yai hata moja, na ukimuuliza ataapa. Lakini jua la saa sita sasa linachoma mayai, na kunguru naye ana macho.

Halafu picha inapanda Facebook, jina la bonde limeandikwa chini yake. Hapo ndipo ninapokasirika. Vifaranga vya korongo huyu hukamatwa vikauzwa kwa watu wanaotaka pambo la bustani. Biashara hiyo, pamoja na vinamasi kugeuzwa mashamba, imempunguza hadi 2012 akaingizwa kwenye orodha ya dunia ya viumbe walio hatarini kutoweka. Kumwandikia mnunuzi jina la bonde ni kumchorea ramani bure. Afrika Kusini wageni wamewahi kuombwa, kwa vibao, wazime alama ya mahali kwenye simu wanapopiga picha za faru, maana majangili nao wana intaneti.

Mtaniambia wanaoharibu ni majangili, si wapiga picha. Lakini Julai 2025, Kogatende, kaskazini mwa Serengeti, watalii walishuka kwenye magari wakajaa ukingoni mwa Mto Mara na simu zao, nyumbu waliotaka kuvuka wakazibiwa njia. Video ikazunguka dunia nzima. Wale walikuwa wapenzi wa wanyama, tena waliolipa pesa nyingi. Na mimi naona dereva anayengoja bahashishi hana ubavu wa kumwambia mteja wake arudi garini.

Ruvubu hatuna msururu wa magari. Tuna kijana wa kijijini anayejua kiota kilipo. Ukimlipa akupeleke kiotani, kesho atampeleka mwingine, na keshokutwa mwingine. Mlipe kwa siku nzima ya kukaa naye mbali, mkingoja ndege watoke wenyewe kwenda kula. Ndege akiacha kula, akanyoosha shingo kukutazama, umeshakaribia mno, rudi nyuma. Kumchezea sauti ya ndege mwenzake kwenye simu ili ajitokeze ni kumwita aje kupigana na adui asiyekuwepo, naye ana watoto wa kulisha. Na kiboko akikupanulia kinywa, ndugu yangu, hapigi miayo, wala hajakaa pozi.

Ofisi ya kulinda mazingira, OBPE, ndiyo inayosimamia hifadhi hii. Ombi langu kwao ni dogo: mgeni mwenye kamera anapolipa kiingilio, aambiwe waziwazi kwamba kiota hakipigwi picha na jina la bonde haliandikwi. Kiongozi anayefuatana naye aambiwe hayo hayo, mgeni akiwa anasikia, ili akimkatalia huko porini asionekane mkorofi.