Mkataba wa Wakala Si Siri ya Ofisi

(Maneno niliyoyatoa kwenye kikao cha vijana wa kata, Dar es Salaam)



Nianze na lililonikuta. Mimi nauza vifaa vya simu sokoni. Siku moja akaja kijana wa wakala wa ushuru na mashine yake ya POS. Jina langu analo, namba ya simu anayo, namba ya meza anayo. Sijawahi kumpa. Nikaenda halmashauri kuuliza: huyu wakala ni nani, anabaki na asilimia ngapi, na taarifa zangu kapewa kwa masharti gani? Nikajibiwa, "Hayo ni ya ofisi, kijana."

Mnaona hapo? Taarifa zangu kwenda kwa wakala, chap. Za wakala kuja kwangu, siri!

Sasa mtu asitoke hapa akisema eti tunapinga jiji kushirikiana na watu wa nje. Hapana. Hapahapa Dar, kuanzia 2015, mradi wa Ramani Huria uliwakutanisha wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na Chuo Kikuu Ardhi, wakazi, COSTECH, Benki ya Dunia na Msalaba Mwekundu. Walipita kwenye kata zinazofurika, wakachora mitaro, njia na majengo, na ramani ikawekwa wazi kwenye OpenStreetMap. Mwenyekiti wa mtaa, mtafiti, mimi na wewe, wote tunaiona ileile. Mtaro uliwekwa wazi. Namba ya simu ya mama mwenye nyumba haikuwekwa.

Ndivyo inavyotakiwa: la umma liwe wazi, la mtu binafsi lilindwe. Kule sokoni kwetu wamegeuza.

Na sheria ipo, jamani. Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya 2016 inampa raia haki ya kuomba taarifa, na ajibiwe ndani ya siku 30. Watakwambia ni siri ya biashara. Kweli, yapo mambo sheria inayazuia, lakini wakikataa lazima watoe sababu. Ipo pia Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022. Taarifa zako si za kugawiwa kama pipi.

Kwa nini tunang'ang'ania? Kwa sababu ripoti za CAG zimeeleza mara kwa mara kuhusu fedha zilizokusanywa kwa POS na hazikufika benki. Hizo ndizo taa za soko, choo na mtaro wetu.

Kwa hiyo kazi ni hizi. Moja, kila tawi liandike barua kuomba orodha ya mawakala na mikataba yao. Mbili, hakikisheni nakala yenu inagongwa muhuri wa kupokelewa, wasije wakasema hawakuiona. Tatu, mikutano ya baraza la madiwani ni ya wazi. Twendeni tukakae, tusikilize nani anauliza na nani anasinzia.

Yangu nimeshapeleka. Nakala hii hapa, ina muhuri. Leo ni siku ya 12. Ikifika 30 kimya, tutakwenda pamoja.