Akiba ya Mganga na Zamu ya Askari

(Hotuba iliyotolewa mbele ya klabu ya michezo ya mezani, siku ya mkutano wa wanafunzi wa zamani)



Klabu ya michezo ya mezani imenitaka niseme neno juu ya mgogoro uliozuka kati ya wanachama wake. Nimeambiwa kwamba katika mchezo wao wa Dungeons & Dragons wanaocheza waganga wanafurahi, na wanaocheza askari wameanza kutoroka. Nimekubali kwa sababu mbili. Kwanza, nimeucheza mchezo huu tangu nilipokuwa chuo kikuu. Pili, kazi yangu serikalini ni makadirio ya matumizi, na mgogoro huu kwa hakika ni mgogoro wa bajeti.

Kwa wenzangu wasioujua, mchezo wenyewe ni huu. Watu wanne watano hukaa mezani, kila mmoja akajitwalia mtu wa kumwigiza ndani ya hadithi. Mmoja wao, msimulizi, hueleza mahali walipo na hatari zilizopo. Penye shaka, dadu huamua. Ulichapishwa mara ya kwanza Marekani mwaka 1974, na waliouunda ni Gary Gygax na Dave Arneson. Nasema "mganga", sisemi "mchawi", maana neno hilo kwetu huleta ugomvi hata kabla dadu hazijatupwa.

Tangu mwanzo mganga aliwekewa kipimo. Katika kitabu cha 1974 mganga wa daraja la kwanza aliweza kufanya uganga mmoja tu kwa siku. Wazo la uganga unaokwisha ukishautumia lilitoka katika hadithi za mwandishi Jack Vance. Askari hakuwekewa kipimo hicho, kwani upanga hauishi. Basi haki ya mezani ilikaa hapo: mmoja ana nguvu nyingi mara chache, mwingine ana nguvu za kadiri siku nzima.

Sasa tupige hesabu kwa kanuni za toleo la 2014, ambazo meza nyingi zimezizoea. Mganga wa daraja la tano ana mafungu 9 ya uganga kwa siku, na mawili kati yake yanatosha kurusha donge la moto. Donge hilo hupigiwa dadu 8 za nyuso sita, wastani wa 28 kwa kila adui aliyemo ndani yake. Wakiwamo maadui wanne na wote wakashindwa kukwepa, jumla ni 112. Askari wa daraja hilo hilo hupiga mara mbili. Kwa upanga wa dadu ya nyuso 8 na nyongeza ya 4, mapigo yote mawili yakipata ni wastani wa 17, tena kwa adui mmoja au wawili tu.

Mtasema hapo pana dhuluma. Lakini kitabu cha msimulizi cha 2014 kilikadiria kwamba kundi laweza kumudu mapigano 6 hadi 8 kwa siku, na mapumziko mafupi mawili katikati. Pigano moja likichukua mizunguko minne, mapigano sita ni mizunguko 24. Mganga mwenye mafungu 9, hata akirudishiwa kidogo baada ya pumziko fupi, atakuwa na mizunguko mingi ya kutumia uganga mdogo usiolipiwa fungu. Hapo askari huonekana thamani yake.

Shida ni kwamba meza nyingi hazifikishi hata mapigano matatu. Mganga humwaga kila alichonacho katika pigano la kwanza, kisha husema, "Jamani, tulale." Pumziko refu la saa 8 humrudishia mafungu yote. Ni sawa na idara inayotumia fedha za mwaka mzima mwezi Julai, kisha Agosti ikaletewa nyingine. Nani angeweka akiba? Na akiba haiozi.

Anayeumia si askari peke yake. Yuko mganga wa mkataba, ambaye mafungu yake mawili hurudi kila baada ya pumziko fupi la saa moja. Kundi lisilopumzika kwa ufupi humfanya maskini. Nimekaa kwenye meza ambapo kijana aliyecheza askari alianza kutazama simu kila mganga alipoinua mkono. Wiki ya nne hakuja. Hakuna aliyemfukuza, alikosa kazi tu.

Tufanye nini basi? Ziko njia kadhaa.

Toleo la 2008 liliwapa watu wote nguvu za namna moja: za kila wakati, za kila pigano, na za siku. Usawa ulipatikana, lakini wengi walilalamika kwamba mganga na askari sasa wanafanana mno.

Kitabu cha 2014 kinaruhusu kurefusha: pumziko fupi liwe saa 8, na refu siku 7. Hiyo yafaa hadithi za safari ndefu. Angalieni tu kwamba uganga wa kinga unaodumu saa 8, uliokusudiwa kutosha siku nzima, hautatosha tena.

Mchezo wa 13th Age wa mwaka 2013 ulikata shauri vizuri zaidi. Ahueni kamili huja baada ya mapigano manne, hata yakichukua siku tano. Mkitaka kabla ya hapo mtaipata, lakini mtalipa: jambo mlilolipigania litaharibika.

Mimi naiona hekima iko katika malipo hayo. Msimulizi asiwavamie wachezaji kila usiku ili kuwanyima usingizi; hiyo ni adhabu, na wataichukia. Awaache walale, lakini dunia isilale nao. Mateka wahamishwe, daraja livunjwe, adui aongeze walinzi. Na hayo wayajue kabla ya kulala, ili uamuzi uwe wao. Vilevile pumziko lisiitishwe na mganga peke yake kwa kuwa mkoba wake ni mtupu. Aulizwe kila mmoja mezani, na askari aulizwe wa kwanza.

Vijana, wako mtakaokabidhiwa ofisi zenye mafungu ya kweli. Mwenye nguvu kubwa ndiye hupenda kuchagua saa ya kazi na saa ya kupumzika. Jizoezeni mapema kumwuliza asiye nazo.